India na China: ni kweli kura ndiyo iliyomchelewesha mmoja wao?

Kila ukizuka mjadala wa kwa nini nchi zetu haziendelei, hakosekani mtu wa kusema: "Tunahitaji Deng Xiaoping wetu." Anamkusudia kiongozi aliyefungua uchumi wa China kwa mkono wa chuma, na mfano anao tayari. India na China ni majirani na mahasimu, kila mmoja ana watu zaidi ya bilioni 1.4, na wote walikuwa hohehahe katikati ya karne iliyopita. Mmoja akachagua kura na bunge, mwingine akachagua chama kimoja. Leo China ina reli za mwendokasi zaidi ya kilomita 40,000, na India bado inahangaika na njia yake ya kwanza kati ya Mumbai na Ahmedabad. Kesi imekwisha.

Mimi naona haijaanza hata kusikilizwa vizuri.

Tuanze kwa kukubali ukubwa wa pengo, maana wapo wapenzi wa India wanaopenda kulifunika. Mwaka 2023 pato la China lilikaribia dola trilioni 18, la India lilikuwa kama trilioni 3.6. Ukigawa kwa vichwa, Mchina anapata wastani wa dola 12,600 hivi kwa mwaka, na raia wa India kama 2,500. Hesabu zinazozingatia tofauti za bei hulipunguza pengo hilo, ila hazilifuti. Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba pengo lenyewe ni changa. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, mwaka 1990 wastani wa pato la mtu nchini India ulikuwa bado juu kidogo ya ule wa China, na kote kuwili haukufika dola 400. Yote haya yametokea ndani ya umri wa mtu ambaye bado hajastaafu.

Hoja ya wanaosifu mkono wa chuma ina nguvu, na ni vizuri kuipa haki yake. Desemba 1978 chama cha Kikomunisti cha China kilibadili mwelekeo chini ya Deng, na mwaka 1980 Shenzhen, jirani na Hong Kong, ikatangazwa eneo maalumu la kiuchumi. Ardhi ilipohitajika kwa bandari, barabara au kiwanda, ilipatikana. Ujenzi wa bwawa la Three Gorges ulihamisha watu zaidi ya milioni moja. Ofisa wa jimbo aliyeonyesha ukuaji wa uchumi alipandishwa cheo, hivyo majimbo yakashindana kuwavuta wawekezaji. Akiba za wananchi zilikuwa zikikaa katika benki za serikali, na serikali ikazielekeza ilikotaka.

Sasa linganisha na Singur, katika jimbo la West Bengal nchini India. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilitwaa karibu ekari 1,000 za mashamba ili kampuni ya Tata ijenge kiwanda cha Nano, gari dogo lililokusudiwa kuuzwa rupia laki moja. Baadhi ya wakulima walichukua fidia, wengine wakagoma. Mamata Banerjee, mwanasiasa wa upinzani, aliongoza maandamano na kugoma kula, na Oktoba 2008 Tata wakafungasha virago wakahamia Sanand, Gujarat. Mwaka 2011 Mamata alishinda uchaguzi na kuhitimisha miaka 34 ya utawala wa mrengo wa kushoto katika jimbo hilo. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikaamuru wakulima warudishiwe ardhi yao. Kinaya ni kwamba serikali iliyokuwa ikiwaondoa wakulima kwa manufaa ya tajiri ilikuwa ya Wakomunisti.

Mwekezaji akisoma habari ya Singur anatoka jasho. Mkulima akiisoma anaona kwamba kuna mahali duniani mtu mwenye nusu ekari alimshinda tajiri na serikali kwa pamoja. Wote wawili wameisoma vizuri. (Gari lenyewe, kwa taarifa yako, halikudumu sokoni.) Hapo ndipo gharama ya demokrasia inapoonekana wazi kuliko popote, na sioni sababu ya kuikana.

Ila hoja ya mkono wa chuma ina tatizo moja ambalo wenye kuipenda hulipita haraka. Chama kilichotawala China mwaka 1988 ndicho kilichoitawala mwaka 1958. Udikteta wa Mao ulikuwa mkali kuliko wa Deng, na matunda yake yalikuwa njaa. Kampeni ya Mruko Mkubwa Mbele, iliyoanza mwaka 1958, iliwaingiza wakulima katika mashamba makubwa ya ujima, ikawaagiza wafue chuma kwenye tanuri za uani, na maofisa wakapeleka juu taarifa za mavuno hewa kwa kuogopa kuadhibiwa. Watafiti hawakubaliani juu ya idadi ya waliokufa: makadirio huanzia milioni 15 na kupita milioni 45. Hata la chini kabisa ni msiba usio na mfano. Mageuzi ya 1978 nayo kwa sehemu yalikuwa ni mamlaka kulegeza kamba. Katika kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, wakulima 18 waliwekeana mkataba wa siri wa kugawana mashamba ya ujima, kila kaya ilime lake. Wakuu wangeweza kuwafunga. Badala yake mtindo huo uliachwa uenee nchi nzima.

India nayo ilionja bakora. Kuanzia Juni 1975 hadi 1977 waziri mkuu Indira Gandhi aliiweka nchi katika hali ya hatari, akawafunga wapinzani, akayabana magazeti. Mamilioni ya wanaume walifungwa uzazi, wengi kwa shuruti. Muujiza wa uchumi haukuonekana. Muujiza, kama neno hilo linafaa, ulikuja Julai 1991, chini ya waziri mkuu P. V. Narasimha Rao, ambaye serikali yake haikuwa hata na wingi wa viti bungeni. Nchi ilikuwa imebakiwa na fedha za kigeni za kuagizia bidhaa kwa wiki chache tu, na tani kadhaa za dhahabu zilisafirishwa kwenda Benki Kuu ya Uingereza kuwekwa rehani. Waziri wa fedha, Manmohan Singh, akashusha thamani ya rupia, akapunguza ushuru, akafuta sehemu kubwa ya mfumo wa leseni uliomlazimu mwenye kiwanda kuomba ruhusa ya serikali hata kuongeza uzalishaji. Mageuzi makubwa kuliko yote ya India yalifanywa na serikali dhaifu, bungeni, huku wapinzani wakipiga kelele.

Kama si kura wala bakora, kilichowatenganisha ni nini? Jibu langu halina mvuto wa jukwaani: shule za msingi, zahanati na ajira za wanawake viwandani.

Mwaka 1980, kabla Shenzhen haijawa chochote, Mchina alitarajiwa kuishi takriban miaka 10 zaidi ya raia wa India. Vijijini walikuwapo wale walioitwa madaktari pekupeku, wakulima waliofundishwa kwa miezi michache kuchanja, kuzalisha na kutibu maradhi ya kawaida. Mwaka 1986 China ilitunga sheria ya elimu ya lazima ya miaka tisa. India ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2009. Sensa ya India ya mwaka 1991, mwaka uleule wa mageuzi, ilikuta wanawake waliojua kusoma na kuandika ni asilimia 39 tu. Milango ya uchumi ilipofunguliwa, zaidi ya nusu ya wanawake hawakuweza kusoma maelekezo yaliyobandikwa kwenye mashine.

India haikupuuza elimu. Iliijenga kuanzia juu. Taasisi ya kwanza ya teknolojia, maarufu kama IIT, ilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, na zilizofuata zilitoa wahandisi wanaogombewa dunia nzima. Ndiyo maana India ilipopata nafasi ilichipukia kwenye kompyuta na programu, kule Bengaluru na Hyderabad, kabla ya kuchipukia kwenye viatu na fulana. Kampuni ya programu huajiri waliohitimu vyuo vikuu. Kiwanda cha fulana kinamwajiri binti wa darasa la nane aliyetoka kijijini, kinampa mshahara wake wa kwanza, na binti huyo humsomesha mdogo wake.

Na viwanda hivyo India ilivizuia yenyewe kwa sheria. Kwa miaka mingi bidhaa zaidi ya 800 zilitengewa viwanda vidogo tu, na nguo zilikuwamo hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nia ilikuwa njema, kumlinda fundi mdogo asimezwe na mabepari. Matokeo ni kwamba wakati kiwanda kimoja cha Guangdong kiliweza kuwa na maelfu ya washonaji, mwenzake wa India alikatazwa kukua. Kampeni ya "Make in India" ya mwaka 2014 ililenga kufikisha mchango wa viwanda kwenye robo ya pato la taifa. Muongo mmoja baadaye mchango huo bado uko chini ya asilimia 20, wakati wa China ni takriban robo. Wanawake wa China walio kazini ni karibu asilimia 60. India kwa muda mrefu haikufika nusu ya kiwango hicho, na ingawa takwimu za karibuni zimepanda, wengi wa walioongezeka ni wanawake wa vijijini wanaofanya kazi katika shamba la familia bila ujira.

Hata hivyo sitaki India ionekane kama mwanafunzi aliyefeli. Sisi wa Afrika tunajua jambo moja ambalo takwimu za pato hazisemi. Mwaka 2001, wakati dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ziligharimu maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuzitoa kwa chini ya dola moja kwa siku. Sheria ya hataza (ulinzi wa uvumbuzi) ya India ya mwaka 1970, iliyoruhusu kutengeneza dawa ileile kwa njia nyingine, ndiyo iliyofungua mlango huo. China ilitujengea reli ya TAZARA katika miaka ya 1970, na haisahauliki. Ila wapo watu wanaotembea leo kwa sababu ya viwanda vya dawa vya India, na hao hawaonekani kwenye picha za madaraja.

Uhasama wenyewe umejaa mambo ya kuchekesha. Juni 2020 askari wa nchi hizi walipigana kwa mawe na marungu katika bonde la Galwan, mpakani mwao. India ilipoteza askari 20, China ikakiri kupoteza wanne. Mwezi huohuo India ikapiga marufuku programu 59 za simu za Kichina, TikTok ikiwamo. Biashara haikutikisika. India inaendelea kununua zaidi kwa China kuliko inavyoiuzia, kwa nakisi ya makumi ya mabilioni ya dola kila mwaka, na sehemu kubwa ya viambato vya dawa zake hizohizo inavitoa kwa hasimu wake.

Sasa mwelekeo unasemekana kugeuka. China ilianza kupungua watu mwaka 2022, mavuno ya sera ya mtoto mmoja iliyodumu kwa miaka 35. Evergrande, iliyokuwa moja ya kampuni kubwa za nyumba, ilishindwa kulipa madeni mwaka 2021, na mamilioni ya familia zilizoweka akiba zao kwenye nyumba zikaona thamani yake ikishuka. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3, na serikali ikasitisha kwa muda kutangaza takwimu hiyo. Ofisi ya takwimu isiyoogopa gazeti wala mpinzani inaweza kufanya hivyo, na mwenye kuyakumbuka mavuno hewa ya 1958 hawezi kulichukulia jambo hilo kuwa dogo.

India inakua kwa asilimia 6 hadi 8, na nusu ya watu wake hawajafika miaka 28 au 29. Washangiliaji huishia hapo. Hawataji kwamba zaidi ya asilimia 40 ya wafanyakazi wake bado wako kwenye kilimo, wala kwamba serikali inawagawia nafaka ya bure watu wapatao milioni 800.

Piga hesabu nyepesi. India ikue kwa asilimia 7 kila mwaka bila kuteleza, na China ikue kwa asilimia 4. India itahitaji zaidi ya miaka 50 kuifikia China kwa ukubwa wa uchumi. Kufikia hapo wale vijana wa miaka 28 wanaohesabiwa leo kuwa hazina yake watakuwa wamepita umri wa miaka 80.