Walimu kuendelea kujifunza: walazimishwe au waachwe?

Mjadala wa walimu kujifunza wakiwa kazini una kambi mbili. Wengine wanataka lazima: semina kila mwaka, vyeti, saa zinazohesabiwa. Wengine wanataka mwalimu aachiwe mwenyewe, kwa kuwa mtu mzima hajifunzi kwa kusukumwa.

Kambi ya lazima ina hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Mwalimu ambaye hajagusa kitabu kipya tangu atoke chuoni hajidhuru yeye. Wanaodhurika ni wanafunzi, nao hawakumchagua. Ukiacha kila kitu kwa hiari, wenye bidii wataongeza ujuzi na wazito watabaki pale pale, na mtoto atapata elimu kwa bahati ya darasa alilopangiwa.

Tatizo ni kwamba lazima ya vyeti huzaa mahudhurio. Mwalimu anasaini karatasi, anamsikiliza mwezeshaji asiyewahi kutia mguu darasani kwake, kisha Jumatatu anafundisha kwa andalio lile lile. Mwaka 2015 TNTP, shirika la Marekani linaloshughulikia ubora wa walimu, lilichunguza wilaya tatu kubwa za shule na kukuta zinatumia karibu dola 18,000 kwa mwaka kwa kila mwalimu katika kumwendeleza, ilhali walimu wengi hawakuonyesha maendeleo ya maana. Fedha zilikuwepo, na lazima ilikuwepo.

Linganisha na Japani. Huko walimu wa somo moja hukaa pamoja na kuandaa kipindi, mmoja wao akakifundisha, wengine wakasimama pembeni na kalamu mkononi. Wanawatazama wanafunzi zaidi ya mwalimu. Tuseme mada ni sehemu, na mtoto mmoja anaandika kuwa robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu nne inaizidi tatu. Aliye ubaoni hakumwona, lakini mwenzake aliyesimama nyuma ya dawati lile amemwona. Baada ya kipindi kikao kizima kinaweza kuzunguka kosa hilo: limetoka wapi, mchoro upi ungeliibua mapema, kipindi kijacho kianzie wapi. Hakuna semina ya ukumbini inayoweza kufika hapo.

Utafiti wa wataalamu wa elimu Matthew Kraft na John Papay uliotoka mwaka 2014 unaelekea huko huko. Waliwafuatilia walimu wa Marekani na kuona kwamba, baada ya miaka 10, wale wa shule zenye mazingira mazuri ya kazi walikuwa wameimarika kwa asilimia 38 zaidi ya wenzao wa shule zenye mazingira duni. Katika mazingira hayo walipima ushirikiano wa walimu, uongozi wa mkuu wa shule na nidhamu ya wanafunzi. Kwa hiyo ari ya mtu binafsi, ambayo kambi ya pili inaitegemea mno, nayo hukua au hufa kulingana na shule.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la muda. Mwalimu mwenye vipindi mfululizo na rundo la madaftari ya kusahihisha akiambiwa ajenge utamaduni wa kujifunza, anaongezewa mzigo tu. Ana haki ya kukataa. Singapore ilitambua hilo, ndiyo maana saa zake 100 za mafunzo kwa mwaka ni haki ya mwalimu.

Basi lazima iwepo, lakini imbane kwanza mwenye kupanga ratiba. Saa moja ya wiki itengwe kwa walimu kutazamana wakifundisha, isiliwe na matangazo ya ofisi, na walimu wachague wenyewe la kuchunguza. Yale wanayoandika wenzao wakitazama yasiingie kamwe kwenye faili la tathmini. Yakiingia, mwalimu ataonyesha kipindi kilichofanyiwa mazoezi, wanafunzi wameshaambiwa nani anyooshe mkono. Naye mwalimu mkuu, kama bado ana kipindi cha kufundisha, awe wa kwanza kutazamwa, na achague mada inayomshinda.