Kipimo cha jeni kwa dawa za akili: je, familia ya Malindi ichange?

Wagonjwa wengi wa akili huku Malindi hawaachi dawa kwa ukaidi. Dawa zimewatesa. Shingo imekakamaa, mikono inatetemeka, mtu analala mchana kutwa. Nyumbani wanasema dawa zimemlevya, na baada ya siku chache anapelekwa kunyweshwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani. Kwa jamaa kama hao, kipimo cha mate kinachodaiwa kuonyesha dawa ipi itamfaa mgonjwa wao ni tumaini kubwa, na wako tayari kuchangishana.

Sayansi yenyewe ni ya kweli. Dawa za akili kama haloperidoli, risperidoni na amitriptilini huvunjwavunjwa kwenye ini na vimeng'enya, na kimojawapo hutengenezwa na jeni ya CYP2D6. Kikiwa kizito, dawa hujaa mwilini na dozi ya kawaida humlemea mgonjwa. Kikiwa na kasi mno, anameza dawa isiyokaa. Utafiti wa mwaka 1996 ulikuta 29% ya Waethiopia waliopimwa wana nakala za ziada za jeni hiyo, ambazo humwongezea mtu kasi ya kuvunja dawa. Kwingineko Afrika, aina iitwayo *17, ambayo hupunguza kasi, ni ya kawaida. Kwa hiyo siwaafiki wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi ndio tunaoyahitaji zaidi, maana dozi nyingi zilipangwa kwa kupima miili ya Ulaya na Marekani.

Tatizo ni ahadi inayouzwa pamoja na kipimo. Jeni husema mwili utaichukuaje dawa, haisemi kama dawa itatibu. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vipimo vinavyodai kutabiri dawa ya sonona itakayofaulu. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa maveterani 1,944 wa jeshi la Marekani wenye sonona: waliopimwa walipata nafuu kidogo zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini kufikia wiki ya 24 tofauti ya waliopona haikuwa ya maana.

Kisha kuna miraa. Utafiti uliofanywa kwa Waethiopia ulionyesha kuwa kuitafuna hupunguza nguvu ya kimeng'enya cha CYP2D6. Kijana wa hapa anaweza kupewa jibu kwamba jeni yake ni nzima, na kumbe kila jioni anakizuia kimeng'enya chake mwenyewe. Daktari asiyeuliza habari ya miraa atalisoma jibu hilo vibaya, hata kama maabara haikukosea.

Kwa aliyeanza dawa juzi, naona pesa hizo ziende kwenye nauli ya kliniki, ili aonwe mapema na dozi ipunguzwe kabla hajaitupa. Aliyekwisha teswa na dawa mbili au tatu kwa dozi ndogo ana sababu nzuri ya kupimwa. Kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo pia hupewa wagonjwa wa akili, nayo ina hukumu yake: tangu 2007 FDA inashauri wenye asili ya Asia wapimwe jeni ya HLA-B*15:02 kabla ya kuianza, kwa sababu ya hatari ya ngozi kubabuka vibaya. Familia zetu zenye asili hiyo zimwambie daktari mapema.

Atakayeamua kulipa aiulize maabara kwanza kama inatafuta aina za *17 na *29, ambayo nayo hupunguza kasi. Kipimo kisichozitafuta kinaweza kumwandikia Mwafrika kwamba yuko sawa, na akarudishiwa dozi ile ile iliyomkakamaza shingo.