DO na MD ni kitu kimoja? Tuangalie hizi takwimu

Daktari wangu hapa Texas ana herufi DO (Doctor of Osteopathic Medicine, daktari wa osteopathi) baada ya jina, sio MD (Doctor of Medicine, daktari wa kawaida tuliyemzoea). Siku ya kwanza nilivyoona kibao mlangoni nikampigia dada nikamuuliza hivi huyu ni daktari kweli au ni wale wa kukanda mifupa? Kumbe ni daktari kamili, anaandika dawa, anaruhusiwa hadi upasuaji. Uingereza ndio osteopathi anatibu kwa mikono tu na dawa haandiki, kwa hiyo mnaotoka huko msichanganye.

Sasa ubishi wenyewe. Andrew Taylor Still alifungua shule ya osteopathi Kirksville, Missouri, 1892, kipindi ambacho dawa nyingi zilikuwa sumu tupu, akaamini mikono itasaidia zaidi. Leo wapo wanaosema DO na MD tofauti ni herufi tu, wengine wanasema hapana, DO ana jicho lake kwa mgonjwa. Na pande zote mbili zinakimbilia NAMCS (National Ambulatory Medical Care Survey), ule utafiti wa serikali ya Marekani wa wagonjwa wa nje ulioanza 1973. Kwa miaka mingi daktari alikuwa anapangiwa wiki moja, wanachukua sampuli ya waliomwona wiki hiyo, fomu inajazwa, umekuja na shida gani, umekutwa na nini, umepewa dawa gani. Majina ya madaktari yalichotwa kwenye orodha za vyama vyote viwili, cha MD na cha DO, hapo nawapa maksi maana vinginevyo DO wasingeonekana kabisa.

Uzuri wake ni picha ya nchi nzima, sio majigambo ya kliniki moja. Ila inahesabu mahudhurio, sio watu, yaani mimi nikienda mara nne ni hesabu nne. Halafu zaidi ya nusu ya DO wako kwenye huduma za msingi, sasa ukiwapanga na MD wote, na wa macho humo na wa moyo humo, lazima waonekane tofauti, na hiyo tofauti ni ya kazi wanayofanya wala sio ya shule waliyosoma. Mpange daktari wa familia na mwenzake wa familia ndio tuongee.

Kwenye mikono ndio pagumu. Kuna utafiti mwingine wa DO wenyewe uliotoka 2021, zaidi ya nusu ya waliojibu walisema hawatumii kabisa tiba ya mikono. Wa "herufi tu" wakashangilia! Lakini waliojibu hawakufika hata robo ya waliotumiwa maswali, na asiyejibu huwezi kumsemea, labda yuko bize anakanda watu. Mimi naegemea kwamba mikono kweli inapotea, muda hakuna na bima zinasumbua, ila kusema takwimu zimethibitisha DO ni MD mwenye jina lingine, hapo mmeruka mtaro.

Maana miaka mitatu nimeenda kwa huyu bwana kwa ajili ya presha, anapima, anaongeza dawa, dakika kumi kwaheri. Mwaka jana nikaenda nimepinda kiuno, akanilaza ubavu, akabonyeza taratibu kama robo saa hivi huku ananiuliza habari za kazi, nikashuka kitandani nimenyooka. Nyumbani nikafungua karatasi ya siku ile: maumivu ya kiuno, ibuprofen, arudi baada ya wiki mbili.