SMS Haikusema Amefeli Somo Gani

Siku matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, yanapotoka, mtaa wetu wa Katuba, Lubumbashi, hauhitaji redio. Kwanza unasikia vigelegele mtaa wa tatu, halafu mtoto aliyefaulu anapita mbio, kichwa cheupe pepepe kwa poda, nyuma yake dada zake na kopo mkononi, wakimmwagia hadi mpita njia asiyehusika. Ikifika saa kumi jioni barabara nzima inanukia mtoto mchanga.

Mimi nilikuwa uani nasonga bukari aliponijia binti wa jirani, mwanafunzi wangu, ameishika simu yake kama kitu kilichomng'ata. Akanipa nisome mimi. Ujumbe ulikuwa mfupi: hakufaulu. Nikapandisha kwa kidole, nikashusha, nikidhani kuna sehemu ya pili. Haikuwepo.

"Madame, njo ile tu?" akaniuliza.

Njo ile tu.

Kesho yake akaja mama yake, amevaa kitenge cha kutokea, akaketi, akauliza swali ambalo mpaka leo linanikaa kooni: "Mwalimu, huyu mtoto amefeli nini?" Nimefundisha hesabu katika sekondari za Lubumbashi kwa miaka kumi na tatu, na sasa nawaandaa mafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, barazani kwangu, ubao umeegemezwa ukutani. Sikuwa na jibu. Nikakisia hesabu, kwa sababu ndilo somo langu na ndiko anakojikwaa. Lakini pengine ilikuwa kemia. Pengine insha, maana siku ile alitoka analia kwamba amechagua mada isiyo yake. Pengine ni Kifaransa kilichojificha ndani ya swali la fizikia. Mtoto anafikiri kwa Kiswahili, swali linamjia limevaa suti. Alipimwa insha na mazungumzo ya Kifaransa kwanza, kisha siku nne za sesheni yenyewe: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsheni yake, yaani mchepuo aliosomea. Yote yakatiwa sufuria moja, likatoka neno moja.

Aliyefaulu naye hajui zaidi. Yeye anapewa asilimia, kuanzia 50 kwenda juu. Mpwa wangu alipata 56. Nikamwuliza, 56 ya nini? Akacheka: "Ya diploma, Tantine." Mimi najua kwamba fizikia haijui hata kidogo na kwamba kwa Kiingereza ni mkali. Diploma yake haijui lolote kati ya hayo mawili.

Exetat ulianza mwaka 1967, nchi bado haijaitwa Zaire, na sitaki mtu anisome vibaya. Mtihani huu ni moja ya vitu vichache vinavyotufanya bado tuwe nchi moja. Mtoto wa Kasenga, ukingoni mwa Luapula, na mtoto wa Gombe kule Kinshasa wanaketi asubuhi ileile mbele ya itemu, yaani maswali ya mtihani, wote na bic mkononi na tumbo linalowakata. Hata korona haikuuzima: mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi wa tatu, mafinalisti wakarudishwa darasani mwezi wa nane ili waufanye. Kwa hiyo ugomvi wangu si na mtihani. Ni na kile kikaratasi kinachotoka baada yake.

Tabia hii ya sufuria moja tunaifundisha mapema, kwenye buletini, ile ripoti ya shule. Ichukue ya mwanao uitazame tena. Kila somo lina maksima yake, pointi za juu kabisa kwa kipindi. Somo la maksima 10 lina pointi 10 kipindi cha kwanza, 10 cha pili, 20 za mtihani. Hiyo ni 40 kwa semesta na 80 kwa mwaka. Somo la maksima 50 linafika 400. Yaani somo moja kubwa lina uzito wa madogo matano. Hakuna mwalimu anayesimama kumwambia mtoto kwamba elimu ya uraia ni takataka. Namba ndizo zinazomwambia, na mtoto si mjinga. Nimepita dirishani nikaona mwenzangu anaeleza katiba ubaoni, na nusu ya darasa, vichwa chini, wanafanya zoezi langu la hesabu la saa inayofuata. Wakati ule nilifurahi. Leo nikilikumbuka naona haya, hasa wakati wa uchaguzi.

Halafu kuna delibereshoni, kikao cha walimu cha kuamua nani amepita na nani ameanguka. Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye chumba kile mwisho wa mwaka, ngoja nimfungulie mlango kidogo. Prefe, mkuu wa shule, yuko kichwani pa meza, buletini zimepangwa, kalamu nyekundu iko tayari kwa walioanguka. Linatajwa jina la kijana mwenye asilimia 48. Kimya. Prefe anauliza nani ana pointi za kumsaidia, na macho yote yanahamia kwetu wenye maksima kubwa, kwa kuwa mwalimu wa maksima 10 hana kitu mfukoni. Mwaka mmoja ilikuwa zamu yangu. Jumla ya pointi zote za darasa lile ilikuwa 1600, asilimia mbili ni pointi 32. Nilizitoa zote mimi. Kijana alikuwa na adabu, na baba yake alikuwa amefariki mwezi wa pili. Kwenye buletini yake hesabu ikasomeka kana kwamba milinganyo anaimeza kama maji. Mwalimu aliyempokea mwaka uliofuata hakuwa na njia ya kujua kwamba 32 zile zilikuwa rambirambi.

Huruma siikatai, na nikirudishwa chumba kile pengine nitazitoa tena. Ninachokataa ni kuiandika huruma kwa jina la hesabu.

Kutoka hapa hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Ukivuka mpaka kuingia Zambia, mji wa kwanza wa maana ni Chililabombwe, na huko nina dada, mtoto wa baba mdogo. Mwanawe alipomaliza Grade 12 alipewa karatasi yenye masomo moja moja, kila moja na namba yake, kuanzia 1 hadi 9. Zambia 1 ndiyo bora na 9 ni kuanguka. (Uingereza walipobadilisha gredi za GCSE, mtihani wao wa sekondari, kuanzia mwaka 2017 wakafanya kinyume, 9 ndiyo kilele. Kwa hiyo ukilinganisha mtoto wa Kitwe na wa Manchester, hakikisha hujashika karatasi miguu juu.) Kijana wetu alikuwa na 3 ya baiolojia na 9 ya hesabu. Iliuma, lakini ilikuwa inajulikana inauma wapi. Hakurudi kukaa kwenye kiti kilekile mwaka mzima na wadogo zake. Alijiandikisha GCE kama mtahiniwa wa nje, akarudia hesabu peke yake, asubuhi anauza vocha za simu, jioni anakuja kwenye WhatsApp kunisumbua na logi. Akapata 6. Kwisha maneno.

Watanzania nao wana jumla yao, ile divisheni. Kidato cha nne wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, F ni 5. Ukiwa kati ya 7 na 17 uko Divisheni ya Kwanza. Kwa matokeo ya mwaka 2014 walitumia GPA, yaani wastani wa alama, wakagombana, wakarudi kwenye divisheni. Lakini chini ya hiyo jumla kila somo liko pale na herufi yake. Mzazi wa Kigoma halazimiki kuja barazani kwa mtu kuuliza mtoto amefeli nini.

Hilo ndilo ninalolitaka, na sitaki zaidi: pointi somo kwa somo, kwa aliyefaulu na kwa aliyeanguka, na aliyeanguka aruhusiwe kurudia alichoanguka. Asilimia ibaki kama tunaipenda. Poda nayo ibaki, jamani, sherehe ni zetu.

Rafiki yangu anayefundisha Kifaransa hakubaliani nami hata kidogo. Anasema nataka kuwavua watoto nguo sokoni. Jumla, kwake, ni kitenge: mtoto dhaifu wa fizikia anafunikwa na Kifaransa chake, anapata diploma, maisha yanaendelea. Ana hoja, na ndiyo maana sisemi kila somo liwe na mlango wake wa kufaulu. Fidia iendelee, mwenye 35 ya fizikia na 70 ya Kifaransa apate diploma yake. Ila tujiulize tunamficha nani. Chuoni vitivo vingine vinapima tena wanaoingia, kwa kuwa ile asilimia haiwaambii kitu. Kwa hiyo kitenge kinavuliwa tu, tena baada ya wazazi kulipa ada, ndani ya ukumbi uliojaa watu asiowajua. Bora angevuliwa nyumbani, mbele ya mama yake, akiwa bado na nafasi ya kubadili njia.

Na njia zenyewe, hizi opsheni, ni ngazi ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mzazi wa mji huu anaijua kwa moyo. Mtoto akifika mwaka wa nane wa elimu ya msingi anafanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza. Ana kama miaka kumi na minne. Neno "kuelekeza" ni zuri. Kwa vitendo wenye pointi nzuri wanasukumwa sayansi, wanaofuata wanakwenda biashara, waliobaki ualimu, na binti ambaye hakuna aliyejisumbua kumfikiria anapelekwa ushonaji. Mwalimu wa kesho tunamwokota kati ya walioshindwa hesabu, halafu tunashangaa hesabu inashindikana. Waingereza angalau wameandika wazi: hisabati ya GCSE ina ngazi mbili, na aliyewekwa ya chini hawezi kuvuka gredi ya 5 hata akijibu karatasi nzima bila kosa. Ni ukatili, lakini umebandikwa ukutani. Wa kwetu unanong'onwa.

Huu ni mji uliojengwa na shaba. Barabara ya kwenda Likasi na Kolwezi inapita watu wanaotafuta mafundi umeme usiku na mchana. Kijana wa opsheni ya umeme anafika na diploma ya 54, anawekwa chini ya mwenye 61 wa sayansi ambaye hajawahi kushika bisibisi. Wangeona pointi zake za mazoezi ya vitendo, peke yake, mstari wake, wangemwita yeye kwanza. Binti wa ushonaji vilevile. Nina jirani wa aina hiyo. Nguo alizoshona zimevaliwa kwenye harusi nusu ya Kamalondo, na diploma yake inamtambulisha kwa 51.

Najua nitakachoambiwa kuhusu pesa. Karatasi za majibu za sesheni zinasomwa na mashine, itemu baada ya itemu. Bila kuhesabu hivyo jumla isingepatikana. Namba zipo, zimelala tu kwenye kompyuta ya mtu. Kuziongeza kwenye karatasi ni wino. Najua pia nitakachoambiwa kuhusu rushwa: kama itemu zinazunguka WhatsApp kabla kengele haijalia, si tutauziana na pointi za somo kwa somo? Mwenye nia ya kununua atanunua. Lakini mwenye 90 ya kemia asiyejua alama ya sodiamu ataonekana mapema zaidi kuliko mwenye 63 ya kila kitu.

Jumatatu iliyofuata binti wa jirani alirudi. Sikuwa nimempa saa. Alikuja tu, na ule mfuko wa plastiki wa sokoni uliojaa madaftari ya miaka minne, mengine jalada limeshatoka. Akayapanga sakafuni kwa rangi. Nikamwambia tuanze na hesabu.

"Na kemia pia, Madame?"

"Na kemia."

"Na insha?"

Nikafuta upande wa kushoto wa ubao, nikaandika tarehe.