Hatua za miguu si vipimo

Kinachonikera kwenye ajali za barabarani ni ule mchoro wa eneo la ajali. Mpimaji anafika, anatembea hatua kumi na mbili toka gari moja hadi jingine, anaandika "mita 12", basi. Hatua za nani? Mrefu na mfupi hawapigi hatua sawa, na futi kamba imelala kwenye buti la gari lake!

Baya zaidi, anaanzia kupima kwenye gari lililogongwa. Gari hilo litavutwa baada ya saa moja. Kesho mtu akirudi aanzie wapi? Anzia kwenye kitu kisichohama: nguzo ya umeme, kona ya daraja. Namba ya nguzo iandikwe. Kisha kila gurudumu lipimwe kutoka sehemu mbili za namna hiyo, ili pasiwe na wa kulisogeza gari kwenye karatasi.

Halafu alama za breki. Mistari ile myeusi ndiyo inayosema mwendo. Kwenye lami kavu, tambarare, yenye msuguano wa 0.7 (kipimo cha jinsi matairi yanavyoshika barabara), gari lililoburuta matairi mita 12 hadi kusimama lilikuwa kwenye kilomita kama 46 kwa saa. Mita 20, kama 60. Tofauti hiyo inaweza kumtia dereva hatiani au kumwacha huru, na mvua hufifisha mistari upesi.

Nimeshika mchoro wenye visanduku viwili na mshale, hauna upana wa barabara, hauna hata alama ya kaskazini. Aliyekabidhiwa karatasi ile alikuwa mfiwa.