Magoblini Wamegoma

Wachezaji wangu wa mchezo wa mezani, ule wa kuigiza hadithi kwa maneno na dadu, walilalamika kwamba mazimwi ya kwenye mapango yangu hukaa tu vyumbani kama abiria waliokosa basi, yakingoja kuuawa. Sawa. Mwendesha mchezo ni mimi, nikaapa kuwapa mapango yanayopumua.

Nikaandika ratiba ya zamu: goblini (zimwi dogo la mapangoni) gani yuko lindo, nani anapika, nani yuko chooni (ndiyo, na choo nilikichora). Nikarudisha pia kanuni za kale, za tangu mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka mwaka 1974: unarusha dadu moja kujua kama kuna kiumbe anapita, kisha dadu mbili kujua amekuja na moyo gani. Ukipata 2, shoka linatangulia salamu. Ukipata 12, huyo ni rafiki.

Mlinzi wa kwanza kabisa akapata 12.

"Wewe, unaelekea wapi?" akauliza mpiga upanga wetu.

"Kumpokea mwenzangu lindo," nikajibu kwa sauti ya puani.

"Mbona unapiga miayo?"

"Nimetoka lindo jingine sasa hivi."

"Na hilo la pili unalipwa?"

Nikapekua makaratasi. Idadi ya masufuria ya jikoni nilikuwa nayo. Mshahara, hakuna. "Silipwi," nikasema.

Meza nzima ikaguna. Panga zikarudi alani, kikao kikaitishwa jikoni. Kwa kanuni zetu mwenge huwaka saa moja tu. Ulizimika wakiwa kwenye ajenda ya pili na hakuna aliyejali, maana magoblini huona gizani na ndio waliokuwa wanasoma madai. Kasisi wetu, ambaye kila mapigano yakianza husinzia, akachaguliwa katibu, tena akaomba kalamu. Nikarusha dadu nikiombea lije jitu lenye njaa. Akaja mpishi. Naye akajiunga.

Chini kabisa nilikuwa nimemficha mchawi mkuu, ambaye sauti yake niliifanyia mazoezi bafuni mpaka jirani akagonga ukuta. Alifungua lango akakuta magoblini 30, bango, na katibu mwenye kalamu. Ilibidi nirushe dadu za kupima ujasiri wake.

Akatoroka kupitia choo nilichokichora. Hakutamka hata neno moja.

"Jamani, na hazina?" nikauliza.

Wakanong'onezana kidogo.

"Hiyo ni malimbikizo ya mishahara," akasema katibu. "Aanze mpishi."