Tarbia Iliyogeuka Utenzi

Ukifundisha ushairi chuoni, jua umeajiriwa mara mbili. Barua ya ajira inataja vipindi tu, haisemi kwamba kila mtu akistaafu, akifiwa au akihitimu, utafuatwa koridoni uambiwe, "Mwalimu, tunaomba kashairi kadogo tu." Malipo ni soda moja, na mara nyingi ya moto.

Mahafali yaliyopita niliombwa kashairi ka kumkaribisha mgeni rasmi. Nikatunga tarbia ya beti 6: kila ubeti mishororo (mistari) 4, kila mshororo mizani (silabi) 16, yaani 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili. Jumla mizani 384, zote nimezihesabu kwa vidole, maana hapo ndipo wengi huteleza: "mgeni" ni mizani 3 kwa kuwa ile m inasimama peke yake, lakini "mwongo" ni 2 tu. Ubeti wa kwanza huu hapa:

Mgeni wetu hafai, kukaa nyuma ya watu,
Hupenda kupewa chai, ya maziwa, ya kikwetu,
Ni mwongo, anajidai, asemaye hana utu,
Tunaomba asirudi, kwake mikono mitupu.

Kosa langu lilikuwa kitufe cha tabo, kile cha kuruka nafasi kwenye kompyuta. Nilitenga vipande kwa nafasi pana ili vina vya kati, zile silabi zinazofanana mwishoni mwa ukwapi, vipangane, vipendeze macho. Katibu muhtasi wetu, mama anayejali unadhifu kuliko sisi sote, akayaona yale mapengo, akayanyoosha kwa safu mbili kama za gazeti. Ukwapi wote kushoto, utao wote kulia, na katikati akapachika ua la mapambo. Safu za gazeti husomwa ya kushoto kwanza mpaka chini, ndipo uhamie ya kulia. Ningetumia jedwali lenye mistari, au ningeandika mshororo mzima bila pengo, koma ikafanya kazi yake, yasingenikuta haya.

Kijana wangu wa mwaka wa pili, fundi wa kughani, akapewa karatasi akiwa tayari jukwaani. Akakohoa kidogo.

"Mgeni wetu hafai! Hupenda kupewa chai! Ni mwongo, anajidai! Tunaomba asirudi!"

Sauti tamu ajabu. Mimi niko nyuma kabisa, karibu na spika, nampungia mkono kuelekea kulia: utao, utao! Yeye akaelewa nataka aongeze sauti. Akaurudia mstari wa mwisho, na akina mama wa jikoni, ambao walikuwa wanasikia nusu nusu kupitia dirishani, wakaupokea kama kiitikio: "Asirudi! Asirudi!" Wakapiga na vigelegele.

Mkuu wa chuo alikuwa anaangalia viatu vyake. Mgeni rasmi alitoa kalamu, akaandika kitu kwenye ratiba.

Nilimdaka yule kijana nyuma ya jukwaa. "Wewe, hukuona kwamba hayaendi?"

"Yanaenda, Mwalimu. Nilihesabu kabisa. Kila kipande mizani 8, vina vitatu vya mwanzo sawa, cha nne kina chake. Si ulitufundisha wiki iliyopita kwamba huo ni utenzi?"

Nikakosa la kusema, maana ni kweli tupu. Kituo changu, ule mshororo wa mwisho wa ubeti, nilikuwa nimekibadilishia vina, kwa hiyo ukiipasua tarbia ile katikati, ukwapi peke yake unatoka utenzi kamili usio na kasoro hata moja. Mtu wa arudhi, yaani kanuni za utunzi, hawezi kuushitukia.

"Na maana je? Maana hukuiona?"

"Niliiona, Mwalimu. Nikajua ni kinaya, kusema kinyume cha unachokusudia. Kinaya nacho ulitufundisha."

Chai ilipopitishwa, ya maziwa, iliyochemshwa kwa ajili yake tu, mgeni rasmi alikisukuma kikombe taratibu kwa kidole kimoja, akaomba maji. Ya chupa. Akaifungua mwenyewe.